Kabla ya Kumsafirisha Kijana Kusomea Kompyuta, Ulizeni Sanad



  

Kila mwaka matokeo ya mitihani ya sekondari yanapotoka, sisi walimu wa madrasa hupata wageni. Baba anakuja baada ya swala ya Isha, anakaa kidogo, anauliza hali, kisha anatoa lililomleta: "Ustadh, kijana amemaliza. Tunataka akasomee kompyuta nje. Tumpeleke wapi?" Miaka ya nyuma swali hili lilikuwa la Madina, Khartoum au Cairo, na lilihusu elimu ya dini. Siku hizi ni Uturuki, Malaysia, India, hata Bangladesh, na mtoto anataka kuwa mtaalamu wa mitandao, mwandishi wa programu au mchambuzi wa data. Mabadiliko haya mimi nayafurahia. Kinachonikera ni kwamba maswali yanaanzia kwenye "wapi". "Wapi" ni swali la tatu. La kwanza ni kijana anajua nini hivi sasa, kwa mikono yake. La pili ni nani atakayemfundisha huko, na habari hiyo imekufikieni kwa njia ya nani.

Kwanza niwatoe wasiwasi wale wanaodhani mwalimu wa madrasa atasema kompyuta ni dunia tu. Imamu Ghazali, ambaye sisi wa madhehebu ya Shafi tunamhesabu miongoni mwa wakubwa wetu, alilalamika katika Ihya, zaidi ya miaka 900 iliyopita, kwamba miji mingi haikuwa na tabibu Muislamu, ilhali wanafunzi walikuwa wakisongamana kwenye fikihi na mijadala yake. Tiba ilikuwa fardhi kifaya iliyoachwa bila mtu. Sasa tazameni misikiti yetu, kuanzia Nyamirambo hapa Kigali, Buyenzi kule Bujumbura, mpaka Kasongo na Kampala. Ni wangapi wanaoweza kusimamia mtandao wa shule, kulinda akaunti ya jumuiya isiibiwe, au kutengeneza mfumo wa kuhesabu zaka? Hapa Rwanda cheti cha kuzaliwa chenyewe unakiomba kupitia Irembo, kwenye mtandao, na nimewaona wazee wa heshima wakimpa kijana wasiyemjua simu yao pamoja na namba ya siri ili awajazie fomu. Hii ni fardhi kifaya iliyolala.

Na Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit, kijana mdogo wakati huo, ajifunze maandishi ya Mayahudi kwa sababu jamii ilikuwa na haja ya mtu anayeaminika wa kusoma na kuandika barua zile. Inapokewa kwamba alizimudu kwa muda wa karibu nusu mwezi. Dalili hiyo inatosha. Ile kauli maarufu ya kutafuta elimu hata Uchina, inayopenda kutajwa kwenye harambee za nauli, tuiache ipumzike; wanazuoni wa hadithi wameiona dhaifu, na wapo walioihesabu kuwa ya kuzuliwa. Vilevile naomba tupunguze hotuba za Al-Khwarizmi. Ni kweli kwamba neno linalotumika dunia nzima kwa hatua za kukokotoa za kompyuta limetokana na jina lake, naye alifanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Lakini kumsifu Al-Khwarizmi kwenye Maulidi huku mtoto wako hajui kupanga hesabu za duka lako kwenye kompyuta, hiyo ni kama kujivunia ng'ombe wa babu wakati nyumbani hamna maziwa.

Sasa turudi kwenye swali la kwanza, la kijana anajua nini.

Sisi madrasa tuna njia yetu ya kufundisha, na ni ya zamani sana. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anafuatisha. Mwanafunzi anakwenda kudurusu peke yake. Kesho anarudi anasikilizwa. Akikosea herufi, anarudishwa hapo hapo. Hakuna aliyehifadhi juzuu kwa kuwa alikaa karibu na mwenye kuhifadhi. Nimewauliza vijana wetu wawili waliosomea uandishi wa programu, mmoja Uturuki na mwingine Malaysia, wanijulishe hasa walivyofundishwa, na nilichosikia kikanishangaza kwa jinsi nilivyokifahamu. Unaonyeshwa kanuni, unapewa kazi, unaandika, mashine inakataa, unatafuta kosa usiku kucha, kesho mwalimu au mwenzako anakuonyesha mstari ulioharibika, unaandika tena. Mmoja wao alisema mwaka wake wa kwanza ulikuwa kama kusoma Juzuu Amma upya kwa mwalimu mkali.

Kwa hiyo safari inampa kijana mambo matatu ya thamani: mwalimu wa kumsahihisha kila siku, wenzake wanaofanya kitu hicho hicho hata wakila, na umeme na intaneti visivyokatika. Mambo haya kwetu ni adimu na sitaki mtu ayadharau. Lakini haimpi subira ya kukaa, haimpi hesabu za sekondari alizozikimbia, na haimpi lugha aliyoipuuza. Kijana asiyewahi kumaliza kazi moja kwenye kompyuta nyumbani, akienda Ankara au Kuala Lumpur atapata mtandao wenye kasi zaidi wa kuangalia mpira.

Jaribio ninalowapendekezea wazazi ni jepesi. Mpeni miezi sita kabla ya kuomba nafasi yoyote. Achukue daftari la ada la madrasa, au la duka lenu, alihamishie kwenye kompyuta lijumlishe lenyewe na lionyeshe nani anadaiwa. Kisha ajisajili kwenye darasa moja la mtandaoni la kuanzia na alimalize. Yapo ya bure na ya kiwango. Lile la Chuo Kikuu cha Harvard linaloitwa CS50 limefungua masomo yake yote kwa yeyote duniani, na kazi zake si za mchezo. Akimaliza, au hata akifika nusu na akawa anaweza kukueleza alichokwamia, huyo mtafutieni safari. Akikwambia "nitajifunza nikifika," mwacheni kwanza. Mzazi mmoja alinijibu kwamba huku ni kumtesa mtoto. Nikamwambia, na wewe hukumpeleka madrasa siku ya kwanza kusoma Jalalayn.

Jabir bin Abdillah, Mwenyezi Mungu amwie radhi, alinunua ngamia akasafiri mwezi mzima mpaka Sham kwa ajili ya hadithi moja tu iliyokuwa kwa Abdullah bin Unays. Mwezi mzima! Tunapenda kuisimulia habari hii kuonyesha hamu ya elimu, na ni sawa. Lakini tazameni tena: alijua anakwenda kwa nani, kuchukua nini, na alipokipata alirudi. Vijana wetu wengi wanasafiri kinyume chake. Wana viza, hawana hadithi wanayoifuata.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze milango. Nitaitaja ninayoifahamu, na kila mmoja una masharti ambayo watu wetu huyagundua wakiwa wamechelewa.

Uturuki ina mpango wa serikali unaoitwa Türkiye Bursları, uliopata jina hilo mwaka 2012. Unalipia ada, malazi, bima ya afya, posho ya kila mwezi na tiketi, na kuomba ni bure kabisa kupitia tovuti yao wenyewe. Kwa kawaida dirisha la maombi hufunguliwa Januari 10 na kufungwa Februari 20, na kwa shahada ya kwanza wanataka mwombaji awe hajatimiza miaka 21. Jambo la kujua ni mwaka mmoja wa mwanzo wa kujifunza Kituruki. Wapo vijana waliokwenda wakidhani watagusa kompyuta mwezi wa kwanza, wakakuta mwaka mzima ni sarufi, wakavunjika moyo. Kwa mtoto aliyelelewa na nahau na sarfu za Kiarabu mwaka huo si mzigo mkubwa, na Kituruki kimechukua maneno mengi ya Kiarabu. Lakini aambiwe mapema.

Bangladesh, mjini Gazipur karibu na Dhaka, kuna Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Teknolojia cha Jumuiya ya Ushirikiano wa Kiislamu, OIC. Kinafundisha uhandisi, sayansi ya kompyuta ikiwamo, na kimewekwa kwa ajili ya vijana wa nchi wanachama. Hapa ndipo jamaa zetu wanapojikwaa. Uganda ni mwanachama wa OIC tangu mwaka 1974, Komoro tangu 1976, Msumbiji tangu 1994. Rwanda, Burundi, Kongo, Kenya na Tanzania si wanachama. Kwa hiyo binamu wawili, mmoja raia wa Uganda na mwingine wa Burundi, wenye alama zilezile, hawana mlango mmoja. Hilo ni la kulijua kabla ya kumpa mtoto matumaini.

Kwa sisi wa nchi zisizo wanachama, Benki ya Maendeleo ya Kiislamu yenye makao yake Jeddah ilianzisha mwaka 1983 mpango wa kusomesha vijana wa jamii za Waislamu katika nchi hizo. Napenda namna ulivyojengwa. Kwa jamii ilikuwa ni msaada, lakini kwa kijana ilikuwa karadha hasana: alisoma, akapata kazi, akarudisha polepole bila riba, na alichorudisha kikabaki kwa jamii yake kimsomeshe mwingine. Kuna watu wazima leo, madaktari na wahandisi, waliosoma kwa fedha hizo na hawajarudisha. Wanajijua. Kila asiyerudisha amemfungia mlango mtoto asiyemfahamu.

Malaysia ni nzuri kwa Kiingereza chake na kwa mazingira ya dini. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu kilichoanzishwa mwaka 1983 kina kitivo kizima cha TEHAMA. Ila wengi wa watu wetu huko hujilipia, na mzazi ahesabu ada ya miaka yote, asihesabu ya mwaka wa kwanza akategemea rizki itajipanga. India nayo ina mpango wa ITEC, ulioanza mwaka 1964, unaotoa kozi fupi za majuma au miezi, nyingi zikiwa za kompyuta, na serikali ya India inagharimia tiketi, masomo, malazi na posho. Huo ni wa watu walio kazini, kwa kawaida wenye umri wa miaka 25 hadi 45. Walimu wa shule zetu za Kiislamu na wahasibu wa jumuiya ndio wa kuuchangamkia, na sioni wakiuchangamkia.

Kuna milango ambayo haihitaji kuvuka bahari ya mbali. Tangu mwaka 2023 chuo cha IIT Madras cha India kimefungua tawi Zanzibar, la kwanza la vyuo vya IIT nje ya India, na kinafundisha sayansi ya data na akili bandia. Kijana wa Kampala au Bujumbura anaweza kusoma elimu ya India katika mji ambao adhana inasikika kila upande na Kiswahili ndicho lugha ya sokoni. Na hapa Kigali, tangu mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kimeweka kituo chake cha Afrika kinachotoa shahada ya pili katika TEHAMA na uhandisi. Vijana wanatoka Nigeria, Ghana, Kenya na kwingineko kuja kusoma hapo. Kwao sisi ndio ughaibuni! Nawaona baadhi yao Ijumaa msikitini. Lazima uwe na shahada ya kwanza kuingia, kwa hiyo si mlango wa aliyemaliza sekondari jana, lakini ni aibu yetu ikiwa wa Lagos anaujua na wa Nyamirambo haujui.

Sasa swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike: nani amekwambia?

Mwaka jana mama mmoja alinionyesha ujumbe kwenye WhatsApp. Nafasi ya masomo ya kompyuta nje, kila kitu bure, kazi ukiwa unasoma, mshahara wa dola, mwisho wa kuomba kesho. Chini yake namba ya simu na maelekezo ya kutuma fedha kidogo "ya kufungulia faili". Nikamuuliza ameupata wapi. Kwa dada yake. Dada yake? Kwenye kundi la harusi. Kundi la harusi? Hakujua. Nikamwambia, mama, hii kwetu sisi tunaiita riwaya yenye sanad iliyokatika, na mpokezi wake wa kwanza ni majhuli, hajulikani jina wala hali yake. Hadithi ya namna hii hatuijengei hukumu ya kusugua meno, wewe unataka kuijengea maisha ya mtoto? Alicheka, lakini alikuwa tayari ameshatafuta mnunuzi wa kiwanja.

Waislamu ndio umma uliofundishwa kukagua habari. Suratul Hujurat inatuamuru tuhakikishe tunapoletewa habari na mtu asiyeaminika. Wanazuoni wetu waliandika majuzuu na majuzuu ya kuwachunguza wapokezi, nani mkweli, nani msahaulifu, nani muongo. Elimu hiyo tunaifundisha kama jambo la karne ya 3 ya Hijria, halafu tunatoka darasani tunamwamini mtu mwenye picha ya ndege kwenye wasifu wake.

Na madhara yake si ya fedha tu. Huko Tatarstan, Urusi, katika eneo maalumu la viwanda liitwalo Alabuga, kulitangazwa mpango wa kazi na mafunzo kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22, nyingi ya nchi zao zikiwa za Afrika: Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini na nyinginezo. Matangazo yalikuwa ya kupendeza mitandaoni: tiketi ya bure, mshahara, maisha mapya. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilitoa uchunguzi wake kwamba wengi walipofika waliwekwa kwenye kiwanda cha kuunganisha ndege zisizo na rubani za vita, na baadhi wakishika kemikali zinazounguza ngozi. Aprili mwaka huohuo eneo hilo lilikuwa limeshashambuliwa kwa droni za Ukraine, bweni likapigwa, watu wakajeruhiwa. Na mzazi Muislamu akisikia "Tatarstan" anasikia misikiti na ndugu Watatari, moyo unatulia. Hiyo ndiyo njia wanayopitia.

Upande mwingine ni Myanmar, mpakani na Thailand. Kule wanatafuta hasa vijana wetu wazuri: anayejua Kiingereza, anayechapa haraka, anayejua kompyuta. Anaahidiwa kazi na mafunzo ya TEHAMA Bangkok, akifika anavushwa mto na kufungiwa katika kambi za utapeli wa mtandaoni, kazi yake kudanganya watu wa mbali kwa mapenzi ya uongo na uwekezaji wa uongo. Februari 2025 kundi la watu 260 kutoka mataifa mbalimbali lilivushwa kurudishwa Thailand, zaidi ya nusu wakiwa Waethiopia, na watu wa Afrika Mashariki walikuwamo. Mtoto aliyesomeshwa tajwidi akalazimishwa kula kwa ulaghai. Sijui mzazi analibeba vipi hilo.

Basi fanyeni kama wanavyofanya watu wa hadithi. Tafuteni chanzo. Chuo kina tovuti yake; ingieni wenyewe, msifuate kiungo mlichotumiwa. Ubalozi una simu, pigeni. Mipango ya serikali niliyoitaja hapo juu haimtozi mwombaji fedha ya kuomba, kwa hiyo anayedai ada ya faili ameshajitambulisha. Tafuteni mtu wa pili aliye huko sasa hivi, anayejulikana ukoo wake, azungumze na mtoto kwa video akiwa darasani, asiwe yule aliyeletwa na wakala. Mkataba usomwe na mtu anayejua lugha yake, na mkiona neno "kazi" limetangulia neno "masomo", simameni. Na pasipoti ya mtoto isikae kwa mtu yeyote, hata awe amevaa kanzu.

Nimesema wasichana, na najua kuna mabaraza ambayo neno hili linaamsha ubishi. Suala la mwanamke kusafiri bila maharimu lina maneno mengi ya wanazuoni. Katika madhehebu yetu ya Shafi ruhusa ya kufuatana na wanawake waaminifu inajulikana kwenye Hija ya faradhi, na wapo wanazuoni wa zama hizi walioipanua kwa kuangalia usalama wa njia na wa anakofikia. Wengine hawakuipanua. Mimi si mufti. Kaeni na masheikh wenu. Ninachokataa ni hiki: baba anakataa binti asiende Istanbul, sawa, ana hoja yake; kisha anakataa asiende hata Zanzibar kwa shangazi yake; kisha kompyuta ya nyumbani anapewa kaka yake; kisha bando la intaneti anaambiwa ni la fitina. Mlango wa kwanza ukiufunga kwa dini, ya pili, ya tatu na ya nne umeifunga kwa nini? Binti anaweza kusoma darasa la chuo cha nje akiwa chumbani kwake, na kwa kweli katika madrasa yangu wanaohifadhi haraka ni wao. Mwenye kumzuia kusafiri anunue kompyuta nzuri kuliko ile ya kaka.

Hapo nimefika kwenye fedha. Tunajua kuchangia nauli. Kijana akipata nafasi, Ijumaa moja inatosha, kofia inapita, anaondoka na picha za uwanja wa ndege. Lakini nauli ya kwenda na kurudi Kuala Lumpur inanunua kompyuta za mkononi zilizotumika mbili au tatu. Ningependa kuona msikiti mmoja, mmoja tu, ukiweka karadha hasana ya kompyuta: vijana watatu, wavulana na wasichana, mashine na bando la mwaka mmoja, chumba cha madrasa asubuhi ambapo hakuna darasa, na mtu mzima wa kuwasikiliza kila Jumamosi walichotengeneza. Wakifaulu ndio wachangiwe nauli. Nimeambiwa jambo hili halina mvuto kwa wachangiaji kwa sababu hakuna ndege ya kupiga picha. Huenda.

Kuna la mwisho kuhusu walio huko tayari. Vita vilipoanza Khartoum Aprili 15, 2023, wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisoma pale, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika na vingine, waliondolewa kwa haraka na serikali zao. Vyuo vikafungwa, kumbukumbu zikabaki nyuma. Tangu hapo nawaambia vijana wote wanaoaga: kazi zenu ziwekeni mahali mnapoweza kuzifikia kutoka popote, mtandaoni, na nakala kwa mtu wa nyumbani, vyeti na matokeo ya kila muhula vipigwe picha na vitumwe kwa mama siku hiyohiyo. Na kila likizo, hata kwa video, wafundishe wadogo zao madrasa saa moja kwa wiki. Hapa kwetu kijana mmoja aliye Uturuki amelifanya hilo, Jumapili baada ya Dhuhuri, watoto kumi na mmoja na simu moja iliyoegemezwa kwenye msahafu wa mbao. Sauti inakatika, lakini wameshajua kutengeneza ukurasa wenye jina la madrasa yao na saa za swala.

Kwa wenye vijana walio tayari: mwombeeni pasipoti sasa hivi, msisubiri matokeo, kwa kuwa Januari inafika haraka na foleni ni ndefu. Mwenye tangazo alilotumiwa na analitilia shaka aje nalo baada ya Isha, tulisome pamoja kuanzia kwa mpokezi wa kwanza.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.